Maabara Hujibu Inachoulizwa

 

Hapa kwetu Tanzania, jina la Mkemia Mkuu wa Serikali husikika zaidi mahakamani. Mtu amekufa ghafla na ndugu wana shaka. Gunia limekamatwa barabarani na polisi wanataka uthibitisho kuwa ni bangi kweli. Mtoto anagombewa na wanaume wawili. Hapo ndipo mkemia anaitwa. Mkulima wa tumbaku kule Urambo, au wa soya kule Namtumbo, hana habari naye. Kumbe zao lake linapimwa na wakemia mara nyingi kuliko anavyodhani, ila majibu hayarudi kijijini. Leo nataka tuzungumze juu ya upimaji huo: jinsi mtu anavyoweza kuchukua jani au punje na kujua kilichomo ndani, na nani hasa huuliza maswali. Maana maabara haina uadui na mtu wala urafiki na mtu. Inajibu kile inachoulizwa, basi.

Na kwa kuwa nimeanza na mahakama, twende kwanza Ubelgiji, mwaka 1850.

Mwezi Novemba mwaka huo, katika jumba la Bitremont, chakula cha jioni kiliishia kwenye kifo. Mwenye jumba alikuwa mtu wa ukoo wa kibwanyenye, Hippolyte Visart de Bocarmé, jina kubwa na madeni makubwa zaidi. Aliyekufa ni shemeji yake, Gustave Fougnies, mtu mwenye afya mbovu aliyekwisha kukatwa mguu, lakini mwenye mali. Gustave akifa bila mke, mali ilikuwa inakwenda kwa dada yake, yaani mke wa Bocarmé. Na Gustave alikuwa katika mipango ya kuoa. Hesabu hiyo unaweza kuimaliza mwenyewe.

Watumishi waliona vituko usiku ule: marehemu anamiminiwa siki, nguo zake zinafuliwa usiku huohuo, sakafu ya mbao inakwanguliwa kwa kisu. Hakimu mpelelezi alipofika akakuta alama za kuungua usoni na mdomoni mwa maiti. Ni sumu, lakini sumu gani? Wakati ule arseniki ilikuwa na kipimo chake, kimejulikana tangu 1836. Sumu za mimea zilikuwa hazishikiki. Njia ya kawaida ilikuwa kuiunguza nyama ya maiti kwa tindikali kali hadi iishe, na kinachobaki ndicho kinachopimwa. Arseniki hubaki kwa sababu ni madini. Sumu ya mmea huungua pamoja na nyama. Mabingwa wa taaluma hiyo walikuwa wamekata tamaa kabisa, na wauaji wenye elimu walilijua jambo hilo.

Viungo vya marehemu vikapelekwa Brussels kwa mkemia Jean Servais Stas, mwalimu katika chuo cha kijeshi. Stas hakuunguza kitu. Alitumia tabia moja ya sumu kama nikotini, ile ya tumbaku, nayo ni hii: ukiiweka pamoja na kitu kichachu, inageuka chumvi, inayeyuka vizuri katika maji na spiriti. Ukiigeuzia kitu cha jamii ya magadi, inaachana na ule uchachu, inakuwa huru, na sasa inayaacha maji na kuhamia kwenye etha, kimiminika chepesi kinachopeperuka upesi. Kwa hiyo Stas aliloweka viungo kwenye spiriti iliyotiwa uchachu, akachuja uchafu, akageuza kwa potasi, akatikisa na etha, akaiacha etha ijiendee hewani. Chini ya chombo kikabaki kitone cha mafuta chenye harufu ya tumbaku na ukali wa kuunguza ulimi. Ndiyo, alionja. Wakemia wa zama zile walikuwa na ujasiri ambao leo ungewafukuzisha kazi.

Na ile siki aliyomiminiwa marehemu? Siki ni uchachu. Muuaji aliyetaka kuficha alikuwa amemsaidia mkemia hatua ya kwanza.

Nikotini ikaonekana katika viungo vya marehemu. Polisi nao wakapata vyombo alivyovitumia Bocarmé kukamulia sumu kutoka majani ya tumbaku, na mizoga ya wanyama aliowafanyia majaribio. Julai 1851 alikatwa kichwa hadharani mjini Mons. Mkewe aliachiwa huru. Njia ya Stas, ikiwa na marekebisho ya Mjerumani aitwaye Otto, ilitumika katika maabara za polisi duniani kwa zaidi ya miaka mia moja, na msingi wake bado unatumika leo mtu anapotaka kutoa nikotini kwenye jani ili aipime.

Hapa niingize jambo la nyumbani. Bibi zetu waliosaga ugoro na kuuchanganya na magadi walifanya hatua ya pili ya Stas bila kwenda chuo. Magadi huiweka nikotini huru, na nikotini iliyo huru hupenya ngozi laini ya pua na ya mdomo kwa kasi kuliko ile iliyofungwa katika chumvi. Ugoro usio na magadi wazee waliuona hauna nguvu. Walikuwa sahihi, na mashine ya kisasa ya maabara ingewapa namba za kuthibitisha hivyo. Simaanishi kwamba ugoro ni mzuri. Namba hizohizo ndizo zinazouhukumu.

Turudi shambani. Nikotini inatengenezwa wapi ndani ya mmea? Ungedhani ni kwenye jani, kwa kuwa jani ndilo linalovutwa. Mwaka 1942 Mmarekani Ray Dawson alichapisha matokeo ya jaribio ambalo mkulima yeyote anayejua kubebesha miche angeweza kulifanya. Alichukua kilele cha nyanya akakibebesha kwenye shina lenye mizizi ya tumbaku. Kisha akafanya kinyume chake, kilele cha tumbaku juu ya mizizi ya nyanya. Mimea hii ni ndugu, kwa hiyo inakubaliana. Alipopima majani, yale ya nyanya yalijaa nikotini, na yale ya tumbaku yalikuwa nayo kidogo mno. Kiwanda kiko kwenye mizizi, na jani ni ghala.

Ndiyo maana mkulima wa tumbaku anapokata ua na kuondoa maotea, nikotini huongezeka. Mmea hulichukulia jeraha lile kama shambulio, habari inashuka hadi mizizini, na mizizi inatuma silaha juu. Nikotini ni silaha kwelikweli, ni sumu ya wadudu. Wakulima wa zamani walichemsha majani ya tumbaku na kunyunyizia bustani. Ukikata ua kwa kuchelewa, au ukaacha maotea yakue, jani linalofika sokoni ni jingine kabisa, hata kama rangi yake inavutia.

Baada ya kuchumwa, jani linaingia bani, nyumba ya kukaushia. Tumbaku ya mvuke inapokaa siku za mwanzo kwenye joto la nyuzi 35 hadi 38, jani halijafa bado. Linaendelea kupumua na kuugeuza wanga wake kuwa sukari, huku kijani kikitoweka na umanjano ukijitokeza. Mkulima anatazama rangi. Mkemia angeona wanga unashuka na sukari inapanda. Ukipandisha moto mapema, jani linakufa wanga ukiwa haujageuka. Ukichelewa, jani linaila sukari yake lenyewe. Jani la mvuke lililokaushwa vizuri huwa na sukari inayoweza kufika asilimia 15 hadi 20, na nikotini asilimia 2 au 3 hivi. Tumbaku ya hewa, inayoning'inizwa kivulini kwa wiki kadhaa, hufa polepole na sukari yake karibu yote huisha. Wenye viwanda huchanganya aina hizi kwa hesabu za maabara, wala hawabahatishi.

Lakini sokoni, msikilizaji, mambo ni mengine. Robota linafunguliwa, mteuzi anatia mkono, anachomoa majani, anatazama rangi, anapapasa unene, anayanusa, na daraja linatajwa. Wateuzi wazuri wana vidole vyenye elimu, siwadharau hata kidogo. Ila baada ya soko, sampuli za tumbaku hiyohiyo zinaingia maabara ya mnunuzi. Huko wanapima nikotini, sukari, mabaki ya viuatilifu, na kitu kimoja ambacho wakulima wengi hawajawahi kuelezwa: kloraidi, sehemu moja ya chumvi hii tunayotia kwenye mboga. Jani lenye kloraidi nyingi hufyonza unyevu na haliungui vizuri. Sigara yake inazimika mdomoni mwa mvutaji. Hiyo ndiyo sababu mkulima wa tumbaku anaambiwa atumie mbolea yake maalumu, ile NPK 10-18-24, na asichukue mbolea yoyote ya potasi aliyoikuta dukani, kwani ile ya bei nafuu mara nyingi ni potasi iliyoungana na kloraidi. Mkulima anapewa amri, hapewi sababu. Na mtu asiye na sababu, siku pesa ikipungua, ataivunja amri.

Kuna kisa kimoja cha Marekani kinachoonyesha kwamba bani lenyewe linaweza kutengeneza sumu. Kuanzia miaka ya 1970 wakulima wengi wa huko waliacha mabani ya zamani wakaweka ya kisasa, yenye vichomeo vya gesi vinavyopuliza hewa moto pamoja na moshi wa gesi moja kwa moja kwenye majani. Nafuu, haraka, rangi nzuri. Miaka mingi baadaye ndipo ilipobainika kuwa gesi za oksidi za naitrojeni zilizomo katika moshi ule zinaungana na nikotini na jamaa zake ndani ya jani, na kuzaa kemikali ziitwazo nitrosamini za tumbaku. Mbili kati yake, zinazojulikana kwa herufi NNN na NNK, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2007 katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kumletea binadamu saratani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabani hayo yakaanza kubadilishwa ili moshi utoke nje na joto peke yake liingie ndani, na nitrosamini zikashuka sana. Majani yalikuwa yanapimwa miaka yote hiyo, nikotini na sukari. Nitrosamini hazikuwa kwenye orodha ya maswali ya kila msimu.

Wala usinielewe vibaya. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 zinajulikana kuleta saratani. Bani bora halitaifanya sigara kuwa salama. Ninachozungumzia ni familia zinazoishi na zao hili leo, na kwa hao kuna jambo la haraka zaidi kuliko saratani. Nikotini inayeyuka katika maji, na maji hayo ni pamoja na umande na jasho. Anayechuma majani mabichi asubuhi, shati limelowa, anaifyonza kwa ngozi. Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kugonga. Watu husema ni malaria, au uchovu, au wamerogwa. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha kotinini, kitu ambacho mwili unakitengeneza kutokana na nikotini, hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Subirini umande ukauke, vaeni mikono mirefu na kitu cha kuzuia maji, na watoto wasiingie kuchuma.

Sasa, mtu atauliza: katika jani lenye maelfu ya vitu vilivyochanganyika, unakitenga vipi kimoja ukipime? Jibu lilitoka kwa mtaalamu wa mimea, Mrusi Mikhail Tsvet, aliyekuwa akifanya kazi Warsaw. Mwaka 1906 alichapisha njia yake. Alijaza bomba la kioo kwa unga wa chokaa, akamimina juu maji ya majani yaliyopondwa, kisha akaendelea kumimina kimiminika safi. Rangi ya kijani aliyoiweka juu ikaanza kujigawa njiani: utepe wa njano, mwingine wa njano nyingine, kijani, kijani kingine. Fikiria umati unaoingia Kariakoo kwa mlango mmoja. Anayesimama kila kibanda atachelewa kutoka, anayepita tu atatoka wa kwanza. Kemikali zinazoipenda ile chokaa zinakawia, zisizoipenda zinatangulia. Hii ndiyo kromatografia, na mashine nyingi kubwa za maabara ya mazao leo ni wajukuu wa bomba lile. Wenzake Tsvet hawakulijali kwa takriban miaka 25. Yeye alifariki mwaka 1919 akiwa hajauona ushindi wake.

Twende kwenye soya, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu tumbaku unaweza kuishi bila kuigusa, lakini soya siku hizi imeingia kwenye uji wa watoto wetu na pumba za kuku wetu. Inasemekana Wajerumani ndio walioileta huku, wakaipanda kwenye kituo chao cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1907. Ilichukua muda mrefu kupendwa.

Soya huuzwa kwa sifa ya protini. Asilimia 36, asilimia 40, namba hizo umeziona kwenye mifuko ya unga wa lishe. Nani alizipima, na kwa njia gani? Njia yenyewe ilitoka kwenye kiwanda cha bia. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitaka kujua protini iliyomo katika shayiri. Akachemsha nafaka kwenye tindikali kali ya salfa hadi kila kitu kivunjike, akakusanya naitrojeni iliyotoka, akaipima. Protini kwa wastani ina asilimia 16 ya naitrojeni, kwa hiyo unachukua kiasi cha naitrojeni, unazidisha kwa 6.25, unapata protini. Njia hii, au dada yake asiyetumia tindikali, ndiyo inayotegemewa hadi leo.

Umeona tundu lilipo? Kipimo hakijawahi kuiona protini. Kimeona naitrojeni. Mwaka 2008 nchini China watu walitia melamini kwenye maziwa yaliyoongezwa maji. Melamini ni kemikali ya kutengenezea sahani na mbao za kubandika, na theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Maabara ikaulizwa: kuna naitrojeni ya kutosha? Ikajibu: ipo. Watoto takriban 300,000 waliugua, wengi kwa mawe kwenye figo, na sita walikufa. Mwaka mmoja kabla, mchezo huohuo ulikuwa umefanywa kwenye unga wa protini ya ngano uliokwenda kwenye chakula cha mbwa na paka Marekani. Onyo lilikuwepo. Lilihusu paka.

Hata bila uhalifu, namba hizi zina ujanja wake. Protini ya soya ina naitrojeni nyingi kidogo kuliko wastani, kwa hiyo baadhi ya wataalamu huzidisha kwa 5.71 badala ya 6.25. Soya ileile iliyoandikwa asilimia 40 kwenye karatasi moja, kwenye karatasi nyingine itasomeka asilimia 36 na nusu. Hakuna aliyedanganya. Ila kama wewe unauza na mwenzako ananunua, na yeye ndiye anayechagua cha kuzidishia, basi elewa umeingia mnada ukiwa umefungwa kitambaa machoni.

Sasa lililo kubwa kuliko kiasi. Mwaka 1917 Wamarekani Thomas Osborne na Lafayette Mendel waliwalisha panya soya mbichi. Protini ilikuwepo tele, lakini panya hawakukua vizuri. Walipoichemsha soya ileile, panya wakakua. Sababu yenyewe ilishikwa vizuri miaka ya 1940, Moses Kunitz alipofaulu kuitoa katika hali ya fuwele safi: ni protini ndogo ndani ya punje inayokaba mmeng'enyo, inaufunga mdomo wa kimeng'enya kiitwacho tripsini kinachosaga protini tumboni. Mmea unajilinda, kama tumbaku na nikotini yake. Adui wa kitu hiki ni moto. Joto la kutosha, pamoja na unyevu, huilegeza.

Kwa hiyo swali la mwenye kuku, na la mama anayesaga uji, si soya ina protini kiasi gani. Ni je, imeiva? Na swali hilo lina kipimo rahisi ajabu. Punje ya soya ina kimeng'enya kingine, yuriezi, ambacho hakina madhara ya kutisha kwa kuku, lakini kinakufa kwa joto karibu sawasawa na yule mkabaji. Unachukua urea, hii mbolea ya kawaida, ila iliyo safi, unaiyeyusha na rangi inayogeuka kulingana na uchachu, unanyunyizia kwenye soya iliyosagwa. Ikiwa yuriezi iko hai, inaivunja urea kuwa amonia, na vidoa vyekundu vinatokeza kwenye unga. Vidoa vingi, soya haijaiva. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na banda zima la kuku waliodumaa.

Lakini hata hapa kipimo kinajibu swali moja tu. Soya iliyounguzwa nayo haitoi kidoa hata kimoja. Itaonekana safi kabisa, kumbe moto umeharibu laisini, sehemu ya protini ambayo mahindi yetu yanaikosa na ambayo ndiyo sababu ya kuweka soya kwenye uji. Kuna kipimo kingine cha kutambua kuungua. Lazima uulize maswali mawili.

Na kuna wakati jibu kubwa linakuja bila kuulizwa, ili mradi aliyepo anajua anachokitazama. Mkemia Percy Julian alizaliwa mwaka 1899 Montgomery, Alabama, mjukuu wa watumwa. Alisoma kwa shida. Harvard ilimpa shahada ya uzamili lakini ikamnyima kazi ya kufundisha kwa sababu ya rangi yake, akaenda kuchukua shahada ya udaktari Vienna. Mwaka 1935 yeye na mwenzake Josef Pikl walifaulu kutengeneza maabarani dawa ya macho iitwayo fisostigmini, ambayo hapo awali ilipatikana katika maharage yenye sumu ya Calabar, Afrika Magharibi. Ni kazi iliyompa jina dunia nzima. Haikumpa uprofesa. Mwaka 1936 akaajiriwa na kampuni ya Glidden, Chicago, kuongoza utafiti wa soya.

Siku moja akaletewa habari mbaya: maji yamevuja ndani ya tangi kubwa la mafuta ya soya, chini kumejaa kitu cheupe kama uji mzito. Meneja mwingine angeagiza tangi lisafishwe. Julian alikitambua kile cheupe. Ilikuwa stigmasteroli, kemikali aliyowahi kuiona alipofanya kazi na maharage ya Calabar. Na stigmasteroli, ukijua kuipunguza hapa na kuiongeza pale, inakuwa projesteroni, homoni inayoshikilia mimba. Kabla ya hapo homoni hiyo ilikuwa ikitolewa kwa tabu katika wanyama, kwa vipimo vidogo na bei ya kutisha. Julian akaanza kuitengeneza kwa wingi kutokana na soya. Kutoka protini ya punje hiyohiyo, kampuni ilipata povu la kuzimia moto wa mafuta, lililotumiwa na jeshi la majini la Marekani katika Vita Kuu ya Pili.

Mwaka 1950 aliponunua nyumba Oak Park, kitongoji cha Wazungu, watu walijaribu kuichoma moto kabla hajahamia. Mwaka uliofuata wakaitupia baruti. Yeye na mwanawe walikaa nje usiku wakilinda. Hakuhama.

Niguse kidogo uvumi unaotembea mitandaoni, kwamba soya humfanya mwanamume apoteze uanaume. Soya ina isoflavoni, jina la pamoja la kemikali kama jenisteini na daidzeini, ambazo umbo lake linafanana kidogo na homoni ya kike. Miaka ya 1940 Australia Magharibi kondoo waliolishwa aina ya klova yenye kemikali za jamii hiyo walipata utasa, na hofu ikazaliwa hapo. Lakini wale kondoo walishinda malishoni wakila klova tupu. Majaribio kwa wanaume, yakikusanywa pamoja, hayajaonyesha kwamba soya au isoflavoni hushusha homoni yao ya kiume. Kula.

Basi nimalizie kwa wenye zao. Mashine zipo siku hizi ambazo unamimina soya nzima, mwanga unapita ndani ya punje, na chini ya dakika moja unasoma protini, mafuta na unyevu. Wanunuzi wakubwa wa nje wanazo langoni. Mkulima wetu analipwa kwa kilo, tena baada ya kukatwa unyevu uliotajwa na mwingine. Vyama vya msingi vya ushirika, na vyama vikuu vyenye mtaji, vingeweza kuwa na mashine moja kwa wilaya, na kwa tumbaku vingeweza kuidai kwa mkataba karatasi ya majibu ya nikotini, sukari na kloraidi ya marobota yao. Wataalamu tunao, kwenye vituo vya utafiti vya Tumbi na Uyole, na Chuo Kikuu cha Sokoine. Kipimo kinachofanywa upande mmoja wa meza ni silaha ya upande huo.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa chama chako ukiitwa kabla ya masoko, usiende kusikiliza taarifa ya mapato na matumizi tu. Simama uulize: tumbaku yetu ya msimu uliopita ilipimwa nini, ilipimwa na nani, na majibu yako wapi? Wakikwambia hayapo, omba swali lako liandikwe kwenye muhtasari. Na wewe mama, dada, kaka unayesaga unga wa lishe nyumbani: soya ichemshe kwanza hadi iive, ianike ikauke, ndipo uipeleke mashineni.